Unywele Katika Pindo la Bibi Harusi

Faida tulimzika Pinetown, siku ya Jumamosi. Wenzake wa kiwandani walikuja na ovaroli zao za buluu, kwa sababu zamu ilikwisha saa sita na hawakupata nafasi ya kurudi nyumbani kubadilisha. Walisimama mstari mmoja kando ya kaburi, wanawake kama thelathini, na kila mshono niliokuwa nautazama mgongoni mwao huenda ulipita mikononi mwake, maana alishona ovaroli pale miaka ishirini na zaidi. Kutoka kanisani kwetu Albert Park nilikuwa peke yangu. Nyumbani nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba napeleka mapazia kwa mteja. Mwanamke mmoja wa ovaroli aliniuliza nilimjuaje marehemu, nikamjibu tulishona pamoja zamani, Sydenham. Akasema Faida hakuwahi kuwasimulia habari za Sydenham. Nilitikisa kichwa kana kwamba nashangaa, na papo hapo nikajichukia, kinyaa kilekile ninachokisikia dukani kwangu kila anapoingia msichana na simu, akanionyesha picha ya gauni la kiuno kidogo na sketi pana, akasema, "Mama, nataka ya kizamani, ile ya Paris." Nampima. Namshonea, maana ndiyo kazi yangu. Lakini kinyaa hakiniachi, na sababu yake ni mwaka mmoja tu wa maisha yangu, nao ndio ninaotaka kuueleza hapa bila kujipaka mafuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi na Faida tulikuwa tumefika Durban kila mmoja kwa njia yake, tukikimbia vita vilevile, na tulikuwa tunalala chumba kimoja katika ghorofa la Albert Park, kitanda kimoja, pazia katikati ya chumba, na familia nyingine upande wa pili. Sote wawili tulijua cherehani. Mtu wa kanisani alisikia kwamba kuna bibi wa Kifaransa huko Sydenham anayetafuta wasichana wanaojua Kifaransa na sindano, tukaenda. Bibi huyo aliitwa Madame Odile. Alikuwa amepita sabini, mwembamba, mgongo umenyooka, nywele nyeupe amezifunga kisogoni, na macho yameanza kumtupa mkono. Hakutuuliza tumetoka wapi. Alitugeuzia viganja vyetu juu, akavipapasa kwa kidole gumba, akaenda kuchukua jiwe la kusugulia miguu, akatuamuru tusugue mikono mpaka isikwaruze kitambaa. Tulisugua kwenye karo lake la jikoni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Faida alininong'oneza kwa Kiswahili chetu, "Conso, huyu mama iko anatutayarisha sawa viazi." Nilicheka. Nilicheka sana mwaka ule, mwanzoni.

Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya nyumba, kirefu, madirisha upande mmoja, sakafu ya mbao anayoipiga nta yeye mwenyewe kila Jumatatu. Katikati meza ndefu iliyofunikwa blanketi na shuka jeupe. Kwenye pembe, sanamu nne za kujaribia nguo, kila moja imefungwa pamba na vitambaa mpaka ikafanana na mwili wa mteja fulani, wengi wao wamekwisha kufa. Cherehani ilikuwepo moja tu, ya kukanyaga kwa miguu, na ilikatazwa isipokuwa kwa mishono mirefu ya ndani. Mengine yote yalikuwa ya mkono. Gauni lilianza kwa amerikani, kitambaa cha bei rahisi, tukalipiga bandi, mteja akalijaribu, tukalifumua, tukalichora upya, na baada ya mara tatu nne ndipo hariri ilipoguswa na mkasi. Tulipaka mikono poda ya watoto kabla ya kushika hariri. Chakula tulikula nje, kwenye ngazi za jikoni, na Madame alitunusa midomo kabla ya kuturuhusu kurudi ndani. Sombe, majani yetu ya muhogo, alikuwa ameikataza kabisa. Yeye alikula supu ya vitunguu vya majani kila siku ya Mungu, na mkate wa jana yake ambao aliukausha makusudi, kwa sababu mkate mpya, alisema, ni tamaa.

Alipokuwa akila ndipo alipozungumza, na sisi tulisikia yote kupitia dirisha la jikoni. Aliingia kwenye nyumba ya mitindo ya Paris akiwa na miaka kumi na sita, vita vya dunia vimeisha mwaka uleule. Aliyasema hayo kama mtu mwingine anavyosimulia alivyookoka. Umaridadi umerudi, alisema. Miaka mitano wanawake wametembea na mabega ya kijeshi na viatu vya mbao, sketi fupi kwa sababu kitambaa hakuna, halafu ghafla, majira ya baridi, mlango unafunguliwa na mwanamke anatoka na kiuno kama cha nyigu na sketi inayomeza mita kumi na tano, ishirini. Wateja walilia, alisema. Nilimuuliza siku moja, watu walikuwa wanakula nini wakati huo? Akafikiri. Akasema mkate ulikuwa wa kuponi, na mama yake alipika mizizi ambayo kabla ya vita walilishwa ng'ombe. Akasimulia habari ya mteja mmoja aliyepita sokoni na gauni jipya, wauza mboga wakamrushia majani ya kabichi yaliyooza na kumtukana, maana watoto wao hawakuwa na maziwa na yeye amevaa kitambaa cha mapazia ya nyumba nzima. Madame alicheka mpaka akapaliwa na supu. Sisi tulitazamana. Mimi na Faida tulikuwa tumetoka mahali ambapo mtu angeweza kuuawa kwa kitambaa kidogo kuliko hicho, na hatukujua tucheke upande wa nani.

Lakini mambo ya wateja siyo yaliyonishika. Yaliyonishika ni ya wasichana wa ghorofa ya juu, chini ya paa, waliokuwa wanashona. Waliitwa mikono midogo. Si majina, mikono. Hakukuwa na makaa ya kuwashia moto, vidole vilivimba kwa baridi vikapasuka, na ukitoa damu juu ya hariri ilikuwa lazima uifute wewe mwenyewe kwa mate yako, kwa sababu, Madame alituapia, damu ya mtu inatolewa na mate ya mtu huyohuyo tu. Alitufundisha hivyo. Unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe, unagusa doa polepole, doa linapotea. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa hiyo nikiona magauni yale kwenye picha, wanawake wameinua kidevu na glavu mpaka kwenye kiwiko, sioni kitu kingine ila mate. Mate na damu za wasichana wenye njaa, zimekaushwa vizuri, na juu yake lulu. Watu wanaita hiyo kurudi kwa uzuri. Mimi naiita kwa jina lake, uchafu uliopigwa pasi.

Alitufundisha mengine mawili. La kwanza ni jinsi ya kuijua hariri. Muuza vitambaa wa mjini akileta jora, tulivuta uzi mmoja, tukauchoma kwa kiberiti. Ukiyeyuka na kudondoka, ni wa kiwandani, mrudishie. Ukiungua polepole ukaacha majivu meusi yanayosagika, na ukanuka nywele zilizoungua, hiyo ni hariri ya kweli, kwa sababu inatoka kwa mdudu, ni kitu cha mwili. Faida alilipenda jambo hilo. Alichoma nyuzi hata pasipo haja, akaninyooshea puani, "Sikia, sikia, ni mutu mzima." La pili lilikuwa mchezo wa mikono midogo. Ikishonwa nguo ya bibi harusi, msichana ambaye hajaolewa anang'oa unywele wake mmoja na kuushona ndani ya pindo, na kabla ya mwaka kwisha atapata mume. Madame alisema mapindo ya mabibi harusi wa Paris yalijaa nywele za wasichana wa juu, hakuna bwana harusi aliyejua, na wote waliolewa, hata yule mwenye makengeza. Faida aliacha kushona. "Kwetu ukifanya vile unafukuzwa ku mtaa," aliniambia tulipokuwa tunarudi. "Unywele wa mutu ndani ya nguo ya mwengine? Hapana, mie napita mbali." Yeye hakuhitaji, alikuwa na mchumba tayari. Deo aliimba sauti ya chini kwenye kwaya, aliuza simu na chaja karibu na soko, na wazazi wake walikuwa wameanza kuzungumza na mjomba wa Faida kwa simu. Mimi sikuwa na mtu. Jumapili nilikaa benchi moja nao, upande wa ukuta, nikashika mkoba wa Faida wakati yeye anaimba.

Mwezi wa tano alikuja Mama Ancien. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, na katika makanisa yetu mke huchukua cheo cha mume, kwa hiyo hata jina lake tulikuwa hatulitumii. Binti yao, Clarisse, alikuwa anaolewa. Mama Ancien hakutaka gauni la kukodi. Alimwambia Madame, kwa Kifaransa kizuri cha watu waliosoma kwa masista, kwamba yeye ametoka nchini kwake na kitenge kimoja na viatu vya kulia viwili, na kwamba siku ya binti yake watu wote watakaomwona waelewe kwamba vita vimekwisha. Madame Odile alisimama. Sijawahi kumwona akinyanyuka kwa ajili ya mtu mwingine. Akaenda kwenye kabati, akatoa ukurasa wa gazeti la zamani uliofungwa kwenye karatasi laini, akauweka mezani. Kiuno, mabega yaliyoteremka, sketi inayofagia. Wanawake wawili, mmoja mweupe mmoja mweusi, waliinama juu ya ukurasa ule, na wote wawili machozi yaliwalenga. Nakumbuka nilisikia aibu. Kwenye ghorofa letu kulikuwa na watu wanaolala kwa zamu kwenye godoro moja. Kwaya nzima ilikuwa inachangia harusi hiyo, wengine kwa kuuza soksi na vitana barabarani. Na mimi pia nilitamani gauni lile, ndicho kinachonichefua zaidi.

Tulilishona miezi mitatu. Satini ya hariri, mita kumi na nane. Chini yake bitana, chini ya bitana vesti ngumu yenye mifupa kumi na miwili ya chuma, ambayo mimi niliishona peke yangu, kila mfupa kwenye ala yake. Clarisse alikuwa msichana mnene, mpole, anayependa kula. Madame alimfunga kamba mgongoni akimwekea goti kiunoni, akavuta, na msichana akasema hawezi kupumua. "Kupumua utapumua kesho yake," Madame akamjibu. Mama yake alicheka, akamshikilia mabega asisogee. Siku ya jaribio la tatu Clarisse alitapika kwenye beseni, akafuta mdomo, akaomba msamaha. Madame hakulitazama beseni. Alikuwa anatazama kioo, anasema, tazameni, tazameni jinsi umaridadi unavyorudi.

Pindo lilikuwa la Faida, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Pindo la gauni lile lilizunguka kama chumba chetu mara mbili, na alilishona wiki nzima kwa mishono isiyoonekana. Siku ya mwisho, saa ya chakula, Madame alilala kidogo na Faida akaenda dukani kununua mkate. Nilibaki na gauni. Nilifumua mishono minne, nikang'oa unywele mmoja wa kisogoni kwangu, nikaufunga kwa uzi mweupe ili usiteleze, nikaurudisha ndani, nikashona. Ilichukua dakika tatu. Nilimwomba Mungu huku nikifanya, kwa maneno ya kawaida ya sala, Bwana nipe mume mwema. Wakati ule sikumwaza Deo. Nimejiambia hivyo miaka yote, na sasa ninapoandika naona afadhali niseme kweli: nilimwaza. Sikumtaja katika sala, lakini uso nilioufikiria niliposema mume mwema ulikuwa wake, maana sikuwa na uso mwingine wa kuufikiria.

Harusi ilikuwa nzuri kama harusi zetu zilivyo, spika kubwa, keki ya ghorofa tano, watu wanadondosha vichwani mwa maharusi vipande vya karatasi vinavyong'aa. Wakati wa kucheza, Clarisse alikanyaga pindo kwa kisigino likafumuka urefu wa mkono. Mama mmoja wa kanisa mwenye sindano mkobani alimpeleka chooni kumrekebishia. Nilikuwa naosha mikono. Nilimwona akivuta uzi, akavuta tena. Alinyanyua kidole, na kwenye kidole kulikuwa na unywele mmoja umefungwa fundo jeupe. Hakupiga kelele. Aliita Mama Ancien, ambaye aliutazama, akauliza polepole, "Hii nani alitia?" Na mimi nilichukua taulo ya karatasi, nikafuta mikono, nikatoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walilitoa gauni nje. Kanisa lilikuwa linakodi ukumbi, na nyuma yake palikuwa na pipa ambalo mlinzi alichomea takataka. Lilikuwa jua kali, saa nane hivi, watu wamesimama duara na nguo zao za ibada, watoto wamewekwa mbali. Pasta aliomba. Walilisukumia gauni ndani ya pipa kwa fimbo ya ufagio, mita kumi na nane zinavimba na kurudi juu kama unga unaoumuka, wakaliwasha. Clarisse alikuwa analia. Hariri haiwaki kwa moto mkubwa, inajikunja na kufuka. Halafu harufu ikaja. Nywele. Nywele zilizoungua, nzito, inaingia mpaka kooni. Kelele ikapanda, watu wakarudi nyuma wakifunika pua, mtu akasema, "Munasikia? Nywele iko mingi ndani, haikuwa moja tu," na mwingine akasema nguo yote imejaa, na Mama Ancien akapiga magoti palepale kwenye changarawe. Pasta aligeuka kumtafuta aliyeshona pindo.

Faida hakuwa ameogopa. Hilo ndilo ninalolikumbuka, alikuwa karibu anacheka, kama mtu anayeona kosa la kitoto. "Hapana, Pasta," akasema. "Ile ni hariri. Hariri inanukiaka vile. Tunachomaka kila siku kule kwa Madame, ni dawa ya kuijua." Watu walimtazama kama mwizi anayeeleza jinsi ya kufungua kufuli. "Na unywele?" Pasta akamuuliza. "Sijue. Mie sikutia unywele." Akanitafuta kwa macho, akanipata. "Conso, basi sema. Waambie juu ya hariri. Weye unajua." Alinyoosha mkono kunielekea. Wote wakageuka. Deo alikuwa kwenye ngazi na shati la kwaya, anatazama viatu vyake. Nilikuwa na jambo moja dogo tu la kusema, hata lile la unywele sikuulizwa. Hariri hunuka nywele. Maneno matatu. Nikasema, "Mie sijue mambo ya hariri. Mie nilishona kifua. Pindo alishona yeye."

Alishusha mkono. Alinitazama kitambo, na niliona hesabu ikipita usoni mwake, hesabu rahisi kabisa, maana sindano zilizogusa gauni lile zilikuwa za watu wawili, naye alijua yake. Angeweza kusema. Wangemwamini, au angalau tungegawana lawama. Alifunga mdomo wake, akageuka, duara likamfungulia njia pana kuliko ilivyohitajika, akaenda zake mpaka kwenye robot, taa za magari pale kona, akavuka barabara. Nilirudi chumbani jioni nikakuta ameshachukua upande wake wa nguo. Kwa nini hakunitaja, sikupata kumuuliza. Nimeishi nikidhani ni kwa sababu alinipenda, na kuna siku nadhani ni kwa sababu alinidharau, na siku hizo ndizo ninazopumua vizuri.

Jumatano alikuja Sydenham. Madame alikuwa kwenye supu. Faida alisimama mlangoni pa jikoni, akamwomba aje kanisani Jumapili moja tu, aeleze mchezo wa mikono midogo, aeleze harufu ya hariri, yeye ni mzungu na mzee, watamsikiliza. Madame alipangusa mdomo. Alisema hawezi kwenda kuwaeleza watu wazima kwamba unywele ni unywele. Alisema wale wajinga wamechoma kazi nzuri kuliko zote alizofanya tangu aondoke Paris, na kwamba jambo hilo limemuumiza yeye kuliko mtu yeyote. Halafu akasema wateja wakisikia neno uchawi hawatarudi, kwa hiyo ni bora Faida apumzike. Hakuuliza unywele ni wa nani kati yetu. Hakumaliza hata kumtazama, alikuwa ameshakata kipande cha mkate mkavu na kukitumbukiza kwenye bakuli. Mimi nilikuwa chumba cha kushonea, mlango wazi, nimeshika sindano, natafuna uzi. Faida aliweka subana yake juu ya karo, akamshukuru Madame kwa Kifaransa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Baadaye nilisikia amepata kazi Pinetown.

Wazazi wa Deo walivunja mazungumzo kabla ya mwezi kwisha. Yeye alikonda, akaacha kwaya kwa wiki kadhaa. Nilimpelekea chakula. Ndivyo ilivyoanza, kwa bakuli la maharage na chapati mbili, na mimi kukaa kimya anapozungumza. Alipenda ukimya wangu, alisema mimi sina mambo mengi. Tulifunga ndoa kabla ya Krismasi. Madame alinipa kipande cha satini kilichobaki kwenye jora la Clarisse, kikatosha gauni jembamba lisilo na madoido, nikalishona mwenyewe na nikalivaa mbele ya Mama Ancien, ambaye alinibusu mashavu yote mawili. Mwaka haukuwa umekwisha. Madame alikumbuka mchezo wake, akanikonyeza kanisani kutoka benchi la nyuma. Nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Sasa nafika Jumapili hii, siku moja baada ya maziko. Tulikuwa mezani, saa saba mchana, ugali na ndagala, watoto wametoka. Habari ilikuwa imefika kwenye simu ya Deo kutoka kwa mtu wa kwaya ya zamani. Aliisoma, akaweka simu kifudifudi, akanawa. "Yule Faida amekufa," akasema. "Mungu amurehemu." Alimega tonge, akalizungusha. "Lakini mie nasemaka wazi, Mungu alinionyeshaka mapema. Fikiri mwanamke wa vile angekuwa humu ndani, ananipikia." Alisema bila chuki, kama mtu anayeshukuru kwa mvua. Nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia unywele ulikuwa wangu, nimeutia saa ya chakula Faida amekwenda kununua mkate, nilikuwa nataka mume, na hariri hunuka vile siku zote, hata kesho akitaka nitamchomea uzi aone. Tonge lilibaki mkononi mwake. Nilimwona mzee, kidevu kinalegea, mafuta ya samaki kwenye vidole. Nilingoja aseme jina la Faida. Nilingoja hata anipige, ingawa hajawahi kunigusa. Akatazama mlango kama umefungwa, akashusha sauti.

"Umeambia nani mwengine?"

Miaka ishirini na miwili nimekaa nikiamini kwamba nilimwiba mwanamume aliyekuwa wa mtu bora kuliko mimi, na kwamba siku moja atagundua hatustahili kulala kitanda kimoja. Nikamtazama anavyongoja jibu, na nikaelewa kwamba Faida hakupoteza kitu kwake, na mimi nilipata mtu wa kimo changu hasa. Nilipokuwa nimesimama mbele ya pipa lile, ndilo swali pekee nililokuwa nalo kichwani: nani anajua? Niliinuka, nikamwaga maji ya kunawia, nikachukua mkoba.

"Bado," nikamjibu. "Mama Ancien na akina mama wenzake wanakutana saa tisa."